Sura ya Saba: Ua Lililovuka Mshono

Inspekta alikuwa amesimama kwenye ngazi za duka la nguo tangu lilipofunguliwa, na wateja walikwisha kumzoea, wakawa wanampita kama wanavyopita nguzo. Kituoni walimwita Kinyonga. Si kwamba alikuwa mtu wa kugeukageuka, la. Ila akitembea utadhani kila hatua anaipima kwanza, na jicho lake moja likitazama mbele, la pili huwa limeshaenda pembeni kutafuta la kwake.

Mbele yake, kutoka ngazi ya chini hadi ghorofani, ilitundikwa michoro sita ya wanawake warefu, wembamba, wenye shingo za majivuno. Mmoja alivaa gauni la njano lenye maua, mwingine koti la bluu la mistari, mwingine sketi ya marinda yenye matawi. Mitindo yenyewe ilikuwa ya zamani, ya enzi ambazo nguo iliuzwa kwa mchoro kabla kamera hazijajaa mikononi mwa watu. Na tatizo lilikuwa hilohilo. Mitindo ilikuwa ya zamani, karatasi zilikuwa mpya.

"Afande," alisema Koplo, akijipepea kwa faili, "kesi hii imeshaiva. Tunangoja nini, iungue?"

"Nangoja niione."

"Uione vipi tena? Binti tunaye, rangi tumezikuta chini ya kitanda chake, brashi tumezikuta, na rundo la michoro ya magauni tumelikuta. Kesho asubuhi anasimama mbele ya hakimu. Kikulacho ki nguoni mwako, afande, na hapa ni duka la nguo." Akacheka peke yake.

Inspekta hakucheka. Yeye alikuwa anamfikiria huyo binti, ambaye kila mtu hapo alimwita Binti tu, aliyelala mahabusu akiwa amekumbatia magoti. Kazi yake ilikuwa kumlea Shangazi, bibi mzee anayeishi ghorofani, ambaye macho yake yamebaki ya kutofautisha mwanga na giza tu. Shangazi ndiye aliyeichora michoro hiyo ujanani, kwa ajili ya duka la kaka yake, na kaka mtu alipofariki aliacha wosia kuwa michoro ni mali ya dada yake. Sasa mgeni kutoka jumba la makumbusho alikuwa amekuja kuomba kuionyesha, akafungua fremu moja, akanusa karatasi, akasema hii si yenyewe. Hata mingine pia. Siku hiyohiyo mwenye duka alipiga simu polisi, na kabla hajaulizwa mwizi ni nani alikwisha kumtaja.

Hilo la kutaja kabla ya kuulizwa ndilo lililomkwama Inspekta kooni. Alijua pia kwamba binti wa kazi akishasimama kizimbani kwa wizi, hata akiachiwa, hakuna nyumba itakayompa tena mzee wao amlee.

Mwenye duka alipanda ngazi akiwakaribia. Wafanyakazi walimwita Madam. Alikuwa mjane wa yule kaka, mama wa makamo aliyenyooka, futi ya fundi shingoni na kijimto cha pini mkononi, na hakuna uzi uliothubutu kuning'inia kwenye nguo yake.

"Mnanitishia wateja," alisema. "Mwizi mnaye. Bado mnatafuta nini kwangu?"

"Pole, Madam. Ni taratibu tu. Wanaopanda ngazi hizi ni nani na nani?"

"Kila mtu. Ni ngazi, si kaburi."

"Na wanaojua kuchora, humu ndani?"

"Wifi yangu, na macho hana. Na huyo binti aliyemfundisha. Wakikaa juu huko kutwa nzima, rangi hizi, rangi zile. Nilimwonya wifi yangu. Nikamwambia, mtu baki humfundishi kitu kama hicho. Unaona sasa?"

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Alilisema haraka. Wakati huohuo, kutoka chumba cha nyuma, mlio wa mkasi mkubwa uliokuwa ukitafuna kitambaa tangu asubuhi ulikatika. Madam hakugeuka kutazama huko. Mtu yeyote angegeuka, alijiambia Inspekta. Sauti ikikatika ghafla, shingo hugeuka yenyewe. Ya Madam ilikuwa imezuiwa.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alinong'ona Inspekta Madam alipokwisha kushuka.

"Unasemaje, afande?"

"Nasema twende tukamwone anayekata."

*

Chumba cha nyuma kilinukia mvuke wa pasi na kitambaa kipya. Kwenye meza ndefu ya kukatia alikuwa ameinama mwanamume wa miaka ya thelathini na kitu, mabega mapana, vidole vyembamba. Alikuwa mtoto wa pekee wa Madam, na mtaa mzima ulimwita Mkasi.

"Endelea na kazi, usijali," alisema Inspekta. "Sisi tunashangaa tu."

Mkasi aliendelea. Mbele yake kulikuwa na upande wa gauni, kitambaa chenye maua makubwa mekundu. Alichukua kipande kidogo, akakiweka juu ya upande ule, akakisogeza kidogo kulia, kidogo chini, akakigeuza, akakisogeza tena. Alikaa na kipande hicho muda mrefu mno kwa kitu kidogo kama hicho. Kisha akachomeka pini.

"Hicho ni nini?" aliuliza Koplo.

"Mfuko."

"Uko wapi?"

"Hapo ulipoweka mkono."

Koplo aliinua mkono kama aliyeguswa na moto. Kweli, mfuko ulikuwepo lakini hauonekani, maana nusu ya ua iliyokuwa kwenye mfuko ilikutana na nusu iliyobaki kwenye gauni, jani kwa jani, ukadhani ni kitambaa kimoja. Inspekta aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa.

"Na usipooanisha hivi?"

Mkasi alimtazama kana kwamba ameulizwa asipooga itakuwaje. "Ua linakatika. Fundi anayekata ua ni mchinjaji, si fundi."

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Alikuwa ananifumulisha mpaka nalia."

Inspekta alitikisa kichwa taratibu. "Huyu Binti wa juu. Unamjuaje?"

Pini ilimponyoka Mkasi, ikaanguka sakafuni. Alichuchumaa kuitafuta, akakaa huko chini. "Mtu mpole. Hana makelele."

"Uliwahi kumwona akitoa picha ukutani?"

"Sikuona kitu mimi."

"Hata siku moja?"

"Nimesema sikuona." Aliinuka, uso umemwiva. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huko aliko, amepewa hata shuka?"

"Amepewa blanketi," alisema Koplo. "Lina tundu."

Mkasi alirudia mkasi wake, lakini hakukata kitu. Mtu asiyeona kitu, alijiambia Inspekta, haachi kazi kwa ajili ya blanketi la mwenzake.

Walipotoka Koplo alisema, "Afande, huyu anampenda yule binti. Ndiyo maana. Wameshirikiana!"

"Inawezekana," alijibu Inspekta, na moyoni hakuipenda fikra hiyo hata kidogo, lakini hakuitupa. Akaomba fremu mbili kutoka ngazini, ya gauni la njano na ya sketi ya marinda, akachukua na rundo la karatasi zilizotoka chini ya kitanda cha Binti, wakapanda ghorofani.

*

Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mgongo umeegemea mito, kichwa kimefungwa kitambaa kikukuu. Meza ya dawa ilikuwa imevurugika. Vidonge vya asubuhi vilikuwa bado kwenye kikombe, na chai ilikuwa imejaa utando.

"Hatua za polisi hizo," alisema. "Mmoja ana haraka, mmoja hana. Binti yangu mmemleta?"

"Bado, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Kama bado, mmefuata nini?"

"Nimekuja kusoma," alisema Inspekta. "Naambiwa michoro inasomwa. Mimi sijui herufi hata moja."

Bibi alicheka kicheko kikavu. Juu ya kitanda chake, peke yake ukutani, ulining'inia mchoro wa gauni la kijani. "Huo hapo juu uliponea kwa kuwa nalala nao," alisema. "Uteremshe. Tazama bega. Mstari ukoje?"

"Mnene."

"Maana nguo inaning'inia begani, uzito wote uko hapo. Fuata mpaka kiunoni."

"Umekuwa mwembamba. Sasa... hapa nyongani haupo. Umekatika."

"Nimeuacha kusudi. Jicho la mteja linamalizia lenyewe, na mwanamke akimalizia nyonga kwa jicho lake, anamalizia ya kwake. Hapo gauni limeshauzwa! Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa analalamika, 'Dada, umesahau nyonga,' na nguo zinaisha dukani."

Koplo alisogea karibu bila kutaka.

"Rangi je?"

"Imetoka nje ya mstari," alisema Inspekta. "Upande huu imevuka, upande ule haikufika."

"Naimwaga kwanza, ikikauka ndipo nashika mstari, na sihangaiki vikutane. Pale vinapoachana ndipo upepo unapita, nguo inatembea. Na maua nimeyajaza?"

"Yapo upande wa kivuli tu. Kwenye mwanga yamefifia, halafu hakuna."

"Ukiyajaza yote, gauni linakuwa mkeka. Nakshi nayo inapita moja kwa moja juu ya kila kitu, sisimami kwa mkunjo wala mfuko. Ua likikatika, likatike. Nyumba hii yote inaujua msemo wangu huo, kaka yangu ulikuwa unamchoma."

Inspekta aliirudia sentensi hiyo kimoyomoyo. Kisha akatandika karatasi za Binti kitandani, na pembeni yake akaweka fremu mbili za ngazini. Koplo alijaribu kusema kitu, akanyamazishwa kwa mkono.

Michoro ya Binti ilikuwa mibaya, hilo halikuhitaji mtaalamu. Shingo zilipinda, miguu mingine ilikuwa mifupi. Lakini kila mstari uliachwa wazi nyongani, mingine imeachwa mpaka gauni linataka kuanguka. Rangi zilimwagika nje kwa furaha. Maua aliyachora mawili matatu, akayaacha. Alikuwa mwanafunzi aliyeshika somo kwa pupa, akazidisha.

Michoro ya ngazini ilikuwa safi mno. Mstari ulikuwa na unene mmoja kutoka begani hadi pindoni na haukuachia mahali. Nyonga zilifungwa. Rangi ilifika kwenye mstari ikasimama. Maua yalijaa gauni zima, mwanga na kivuli.

"Koplo," alisema Inspekta, "mtu aliyefundishwa kuacha, akiiba kazi ya mwalimu wake, atasahau kuacha?"

Koplo alikuna shavu. "Labda alijificha. Alichora tofauti makusudi."

"Anayeghushi anataka kufanana, hataki kutofautiana. Shangazi, nani aligundua kwanza kwamba ya ngazini si yako? Yule mtu wa makumbusho?"

"Hapana! Binti." Sauti ya bibi ilipanda. "Kila akinishusha ngazi ananisomea. Ndiyo mchezo wetu, mimi macho yangu ni yeye. Siku moja tumefika kwa yule wa njano akasimama, akasema, 'Shangazi, leo nyonga yake imefungwa.' Nikamwambia unaota. Akasema, 'Na huyu pia. Na huyu.' Nikalia, baba, sikufichi. Nilimwambia wifi yangu, akasema binti ana wazimu. Ndipo mgeni alipokuja nikamwambia afungue fremu."

Kwa hiyo aliyepiga kelele za mwizi ndiye aliyekamatwa. Inspekta alihisi hasira ikimpanda, akaiacha ishuke, maana hasira haijawahi kumsaidia mtu kutazama. Alivuta fremu ya gauni la njano. Jicho lake moja likaenda kwenye mfuko uliobandikwa kiunoni. Alikaa hapo. Kisha akaenda kwenye sketi ya marinda, akautafuta mfuko, na kwa kitambo hakuuona.

"Koplo, niitie Mkasi. Na mama yake," alisema, naye akashuka ngazini kutazama michoro iliyobaki.

*

Walipoingia, Madam alibaki mlangoni, Mkasi akasimama karibu na dirisha akitazama viatu vyake. Inspekta alimpa mchoro wa kijani, ule wa juu ya kitanda.

"Wewe ni fundi. Nisaidie. Gauni hili, kama lingeletwa kwako, lina kasoro gani?"

"Hana muda wa—" alianza Madam.

"Ni swali la ufundi tu, Madam."

Mkasi aliutazama mchoro. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyepewa kazi anayoijua. "Ni mzuri. Ila huu mfuko. Ua limekatwa katikati, nusu imepotea. Shangazi siku zote hivyohivyo, mfuko haujali. Mimi nisingeweza kuuacha."

"Nisingeweza," alirudia Inspekta polepole. Akageuza fremu ya gauni la njano, akaisukuma mbele. "Na huu?"

Mkasi alirudisha macho kwenye viatu vyake.

"Huu hauna kasoro. Ua limevuka mshono likiwa zima, jani kwa jani. Nimetazama na wa sketi, mpaka mfuko nikaukosa. Nikashuka nikatazama ya ngazini yote, kila mfuko ni hivyo. Shangazi alichora miaka yote bila kuuheshimu mfuko hata mmoja. Ukutani mifuko yote imeheshimiwa. Nani alimsahihisha?"

Chini, cherehani ziliendelea kulia.

"Binti hajui hata mfuko unabandikwaje," alisema Inspekta. "Na kesho anasimama kizimbani."

"Mwanangu," alisema Shangazi, akigeuza uso wake kulikokuwa na pumzi za Mkasi. "Ni mkono wako?"

"Nyamaza," alisema Madam. Haikujulikana anamwambia nani.

Mkasi alikaa kitako kwenye ukingo wa dirisha. "Mama alisema jua linazichubua picha," alisema. "Alisema tutundike nakala, zenyewe tuzifungie kabatini zisiharibike. Niliona ni jambo jema. Nilizichora chumbani kwangu, moja moja, na nilijitahidi, Shangazi, wallahi nilijitahidi kukufuata. Zile nyonga zilinitesa. Kila nikiacha mstari wazi naona kama nimeacha mshono, nawezaje kulala?" Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Walipomchukua Binti nikafungua kabati. Halina kitu."

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Koplo, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha.

"Ni mama yangu." Alitazama juu, macho mekundu. "Ungekuwa wewe ungesema?"

Koplo alifungua faili, akatafuta ukurasa mtupu.

"Madam," alisema Inspekta, "zenyewe ziko wapi?"

Madam hakumtazama Inspekta, wala wifi yake. Alimtazama mwanawe, kwa macho ya mama anayekagua pindo lililoshonwa vibaya mbele ya mteja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi futi ilikuwa imemteleza shingoni ikaning'inia upande mmoja.

"Nilikwambia uinakili kama ilivyo," alimwambia. "Kama ilivyo, basi! Hakuna mtu angejua kuwa zenyewe zimeuzwa. Ungeliacha ua likatike."

Hapo hapo akajisikia mwenyewe. Mkono ulimwenda mdomoni, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na watu wanne walikuwa wameyasikia. Mkasi aliinamisha kichwa. Koplo alitoa kalamu, akaandika tarehe, akasubiri.

Shangazi alikuwa amenyoosha mkono, anapapasa blanketi mpaka akazipata karatasi mbovu za Binti. Alizikusanya, akazinyoosha kwa kiganja, akaziweka mapajani.

"Wifi," alisema, "michoro uliyoiuza nilikwisha kuichora, na macho ya kuchora mingine sina. Hayo tutayasema siku nyingine. Sasa nirudishie mtoto wangu, nimeze dawa."